Hofu ya Giza: Kwa Nini China Bado Inajenga Mitambo ya Makaa ya Mawe

Mwaka 2024 China ilisimika mitambo ya umemejua yenye uwezo wa takriban gigawati 277. Gigawati moja ni megawati 1,000, na hakuna nchi nyingine iliyowahi kuongeza kiasi kinachokaribia hicho ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo China ilianza kujenga mitambo ya makaa ya mawe yenye jumla ya gigawati 94.5, kiwango kikubwa kuliko vyote tangu 2015. Anayetaka kuisifu China hutaja takwimu ya kwanza, anayetaka kuilaumu hutaja ya pili, na mara nyingi kila mmoja huondoka akiamini kuwa mwenzake kadanganya. Hakuna aliyedanganya. Takwimu zote mbili ni za kweli, na ukichunguza utaona zinatoka kwenye chungu kimoja. China haibaki na makaa kwa sababu imekosa njia nyingine ya kupata umeme, maana njia hizo inazo kuliko nchi yoyote. Inabaki nayo kwa sababu ya jinsi umeme wake unavyopangiwa bei, unavyogawiwa kazi na unavyovushwa kutoka jimbo hadi jimbo, na kwa sababu viongozi wake wamewahi kuonja giza na hawataki kulionja tena.

Kwanza tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yanayochomwa duniani huchomwa China. Mwaka 2023 nchi hiyo ilichimba takriban tani bilioni 4.7. Uingereza, nchi iliyofungua zama za viwanda kwa makaa, ilifikia kilele chake mwaka 1913, na hata mwaka huo haikufikisha tani milioni 300; migodi ya China leo hutoa zaidi ya hapo kwa mwezi mmoja. Sehemu kubwa inatoka kaskazini na magharibi, katika majimbo ya Shanxi na Shaanxi, Mongolia ya Ndani na Xinjiang, ilhali viwanda na watu wengi wako pwani ya mashariki na kusini. Ndiyo maana kuna reli ya Daqin, inayotoka Datong huko Shanxi hadi bandari ya Qinhuangdao, kilomita 653, ambayo kazi yake hasa ni kusomba makaa, na kwa mwaka husomba takriban tani milioni 400. Maofisa wa China wana msemo wao kuhusu ardhi yao: tajiri wa makaa, maskini wa mafuta, gesi kidogo. Kwa miongo mingi msemo huo ulitosha kueleza kila kitu. Taifa lililotaka kupata viwanda haraka lilichoma kile kilichokuwa chini ya miguu yake.

Lakini maelezo hayo yamechakaa. Katikati ya miaka ya 2000 makaa yalizalisha kama asilimia 80 ya umeme wa China; sasa ni chini ya asilimia 60. Hilo si badiliko dogo. Kilichotokea ni kwamba mahitaji ya umeme yaliongezeka kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba sehemu ya makaa ilipungua huku tani zenyewe zikizidi kupanda. Wakati huohuo paneli za sola zimekuwa rahisi kupita matarajio ya karibu kila mtaalamu, na viwanda vinavyozitengeneza viko hukohuko China. Baada ya Rais Xi Jinping kuahidi kwenye Umoja wa Mataifa, Septemba 2020, kwamba hewa ukaa ya nchi yake itafika kilele kabla ya 2030 na kusawazishwa kabla ya 2060, serikali ilijiwekea pia lengo la kufikisha gigawati 1,200 za jua na upepo ifikapo 2030. Lengo hilo lilifikiwa katikati ya 2024, miaka sita kabla ya wakati. Kwa hiyo swali la haki si kwa nini China haijengi umeme safi. Swali ni kwa nini inaendelea kujenga ule mchafu pembeni yake.

Jibu linaanzia mahali ambapo wasomaji wengi hawana hamu ya kuingia, yaani kwenye kanuni za biashara ya umeme. Mwaka 2002 serikali ilivunja shirika lake moja la umeme, ikaunda kampuni tano kubwa za uzalishaji na mashirika mawili ya gridi, moja likihudumia sehemu kubwa ya nchi na jingine likihudumia kusini. Bei ya makaa iliachiwa soko hatua kwa hatua, lakini bei ya umeme ikabaki mikononi mwa serikali, ikipangwa na Tume ya Taifa ya Maendeleo na Mageuzi. Wachina wenyewe waliupa utaratibu huu jina: makaa ya soko, umeme wa mpango. Mwenye mtambo alinunua kuni zake kwa bei inayopanda na kushuka kila wiki, kisha akauza alichokipika kwa bei ambayo ofisi ya serikali ilikuwa imeiandika na huenda isiiguse tena kwa muda mrefu. Makaa yakiwa rahisi, alipata faida bila jasho. Makaa yakipanda, kila uniti aliyoizalisha ilimtia hasara.

Pamoja na bei kulikuwa na kanuni ya pili, nayo ilikuwa na madhara zaidi. Katika nchi nyingi gridi huchukua kwanza umeme ulio rahisi kuzalisha, kisha hupanda kwenye ule wa ghali kadiri mahitaji yanavyoongezeka. Upepo na jua havinunui mafuta, kwa hiyo hutangulia. China ilifuata utaratibu tofauti: kila mtambo wa makaa katika jimbo uligawiwa idadi ya saa za kufanya kazi kwa mwaka, karibu sawa kwa sawa, ili kila mwekezaji arudishiwe mtaji wake. Palikuwa na usawa wa aina fulani katika hilo, lakini ulikuwa usawa wa wenye mitambo ya makaa peke yao. Upepo ulipovuma kwa nguvu usiku wa baridi kali, na mitambo ya makaa ikiwa na saa zake za kutimiza, mashine za upepo ndizo zilizoamriwa kusimama. Mwaka 2016 jimbo la Gansu lilitupa asilimia 43 ya umeme ambao mashine zake za upepo zingeweza kutoa, na Xinjiang asilimia 38. Mabilioni ya yuan yalikuwa yamesimikwa jangwani, mapanga yakiwa tayari kuzunguka, lakini ratiba haikuwa na nafasi yao.

Hali imeboreka sana tangu wakati huo, na nitarudi kwenye hilo. Ila tukitaka kuielewa hofu ya sasa, yapo matukio matatu ya kutazama, kwa sababu kila moja liliwarudisha viongozi wa China kwenye makaa, na kila moja, kwa maoni yangu, lilisomwa vibaya.

La kwanza ni majira ya baridi ya 2017. Moshi wa Beijing na miji ya jirani ulikuwa umekuwa aibu ya taifa, na sehemu ya moshi huo ilitoka kwenye majiko ya makaa vijijini. Serikali iliamua kuyaondoa katika eneo la Beijing, Tianjin na miji mingine 26 na kuweka gesi badala yake. Maofisa wa wilaya, wakishindana kufikisha idadi waliyopangiwa, waling'oa majiko kabla mabomba ya gesi hayajafika, na penye mabomba gesi haikutosha. Baridi iliingia. Katika jimbo la Hebei kuna shule ambazo wanafunzi walitolewa nje kusomea juani kwa sababu madarasa yalikuwa baridi kuliko uwanja. Mwanzoni mwa Desemba wizara ya mazingira, wizara ileile iliyokuwa ikiyapiga vita makaa, ilituma barua ya dharura kwa miji yote 28: popote ambapo kazi ya kubadili mfumo haijakamilika, wananchi waruhusiwe kuchoma makaa.

Tukio la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2021 dunia iliyotoka kwenye vizuizi vya korona ilikuwa ikiagiza bidhaa za China kwa pupa, na viwanda vikafanya kazi usiku na mchana. Makaa yaliadimika. China ilikuwa imezuia makaa ya Australia tangu mwishoni mwa 2020 kwa sababu za kisiasa, ukaguzi wa usalama ulikuwa umebana migodi ya ndani, na baadaye, mwezi Oktoba, mafuriko yalifunga migodi kadhaa huko Shanxi. Bei ya makaa kwenye soko la mauzo ya baadaye la Zhengzhou ilikaribia yuan 2,000 kwa tani, ilhali bei iliyotumika kama msingi wa mikataba ya muda mrefu ilikuwa yuan 535. Mwenye mtambo angefanyaje? Wengi walifanya ambalo mfanyabiashara yeyote angefanya: walisema mitambo inahitaji matengenezo. Mwishoni mwa Septemba majimbo kama 20 yalikuwa kwenye mgao wa aina moja au nyingine. Kaskazini-mashariki, huko Liaoning, Jilin na Heilongjiang, umeme ulikatika hata majumbani bila taarifa, na taa za barabarani za mji wa Shenyang zikazimika magari yakiwa katikati ya makutano. Katika kiwanda kimoja cha kuyeyusha chuma huko Liaoning mashine za kupitisha hewa zilisimama, na wafanyakazi 23 wakapelekwa hospitali kwa sumu ya gesi.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo. Mitambo ilikuwepo. Nchi ilikuwa na zaidi ya gigawati 1,000 za makaa, na kwa wastani wa mwaka mitambo hiyo ilikuwa ikifanya kazi kama nusu tu ya saa inazoweza. Giza la 2021 lilitokana na mitambo iliyosimama kwa sababu kuiwasha kulikuwa ni kujitia hasara. Serikali ililitambua hilo, angalau kwa sehemu: tarehe 12 Oktoba ilitangaza kwamba umeme wote wa makaa utauzwa sokoni na bei inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 20 kutoka bei ya msingi, na viwanda vinavyokula umeme mwingi havitakuwa na ukomo huo. Haukupita muda mrefu mitambo iliyokuwa "kwenye matengenezo" ikapona. Kama somo lingeishia hapo, lingekuwa somo zuri. Halikuishia hapo. Migodi iliamriwa kuchimba kwa nguvu zote, na majimbo yakaanza kuandaa maombi ya mitambo mipya.

Kisha likaja joto la Agosti 2022. Sichuan ni jimbo la mito mikubwa, na karibu asilimia 80 ya umeme wake hutokana na maji. Mwaka ule mvua zilikosekana katika msimu ambao kwa kawaida mito hujaa, na joto lilipanda mpaka Beibei, kwenye mji jirani wa Chongqing, likagusa nyuzi 45. Kila mtu aliwasha kiyoyozi wakati mabwawa yanakauka. Viwanda viliamriwa kufunga, vikiwemo vya magari vya Toyota, vya vifaa vya elektroniki vya Foxconn na vya betri vya CATL, na kilichopangwa kuwa cha siku sita kikarefushwa. Jambo ambalo halikusemwa sana nje ya China ni kwamba wakati Sichuan inafunga viwanda vyake, sehemu ya umeme wa mabwawa yake iliendelea kwenda Shanghai, Zhejiang na Jiangsu. Mikataba ilikuwa imesainiwa hivyo, na njia za msongo mkubwa zilikuwa zimejengwa kupeleka umeme mashariki, si kuurudisha. Shanghai, kwa upande wake, ilizima taa za mapambo za ufukwe wake maarufu wa Bund kwa usiku mbili.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baada ya matukio hayo hakuna mkuu wa jimbo aliyetaka kuwa ndiye atakayeelezea Beijing kwa nini taa zimezimika. Vibali vya mitambo ya makaa vilipanda kutoka gigawati 23 mwaka 2021 hadi 106 mwaka 2022, yaani kama mitambo miwili mikubwa kila wiki, na mwaka 2023 vikafika 114. Msemo wa serikali ukawa "jenga kwanza, ndipo uvunje". Kama sera, msemo huo una busara: Hebei ya 2017 ilikuwa mfano wa kuvunja kabla ya kujenga. Lakini uangalie tena yale matukio matatu. Mwaka 2017 kilichokosekana ni mabomba na gesi. Mwaka 2021 kilichokosekana ni bei inayomfanya mwenye mtambo awashe. Mwaka 2022 kilichokosekana ni maji, pamoja na uwezo wa majimbo kuazimana umeme. Uhaba wa mitambo ya makaa haukuwa chanzo cha hata moja, na bado mitambo ya makaa ndiyo dawa iliyoandikwa kwa yote.

Kuna anayeweza kupinga hapa, na hoja yake ina uzito. Atasema: Sichuan ingekuwa na mitambo zaidi ya makaa Agosti ile, viwanda visingefungwa. Ni kweli, kwa kiasi fulani visingefungwa. Jua halipo usiku, upepo hauna miadi na mtu, na maji, kama tulivyoona, yanaweza kukauka mwaka ambao yanahitajika zaidi. Nchi yenye viwanda vinavyolisha dunia haiwezi kuendesha gridi kwa kuomba hali nzuri ya hewa. Jibu langu si kwamba China haihitaji akiba. Jibu ni kwamba jimbo kujitosheleza peke yake ndiyo njia ghali kuliko zote ya kuweka akiba. China ni nchi kubwa kama bara. Ni nadra sana siku ambayo joto kali, ukame na utulivu wa upepo vinaifunika yote kwa pamoja. Umeme ukiweza kuhama kwa urahisi kutoka jimbo lenye ziada hadi lenye upungufu, kila jimbo litahitaji akiba ndogo. China inazo nyaya za kufanya hivyo, zikiwemo za kilovoti 1,100 zinazosafiri zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Xinjiang hadi Anhui. Inachopungukiwa ni kanuni. Umeme mwingi unaovuka mipaka ya majimbo bado unavuka kwa makubaliano ya serikali kwa serikali yaliyopangwa mapema, na kila jimbo lina sababu ya kupendelea mtambo wake: unalipa kodi nyumbani, unaajiri watu wa nyumbani, na ujenzi wake unahesabiwa kwenye ukuaji wa uchumi wa nyumbani. Mwaka 2014 serikali kuu iliyaachia majimbo mamlaka ya kuidhinisha mitambo ya makaa, na matokeo yalikuwa mafuriko ya vibali kiasi kwamba Beijing ililazimika kuingilia na kusimamisha miradi mingi.

Upo utetezi wa pili, wa kitaalamu zaidi, nao ndio unaopendwa na maofisa wa nishati. Mitambo hii mipya, wanasema, haijengwi ili ichome makaa mchana kutwa kama ile ya zamani. Itakaa kama jenereta nyuma ya duka, ikingoja siku ambayo umeme wa kawaida umeshindwa. Tangu Januari 2024 serikali imeanza hata kuilipa kwa kungoja huko: gharama ya kuwepo kwa mtambo imekadiriwa yuan 330 kwa kilowati kwa mwaka, na katika majimbo mengi asilimia 30 ya hiyo ililipwa kwa kuanzia bila kujali mtambo umezalisha kiasi gani, huku mpango ukiwa kuifikisha angalau asilimia 50 kuanzia 2026. Kinadharia hii ni hatua nzuri, kwa sababu mwenye mtambo anayelipwa kwa kuwa tayari hana haja ya kuchoma makaa ili tu apate fedha. Shida ni hesabu. Jenereta ya dharura kwa kawaida huwa ya bei nafuu na hutumika kwa nadra. Mtambo wa makaa wa megawati 1,000 hugharimu mabilioni ya yuan, hujengwa kwa mkopo, na umeundwa kufanya kazi kwa miaka 30 hadi 40. Malipo ya kungoja peke yake hayamalizi deni lake. Kinachobaki lazima kitoke kwenye kuzalisha, na kampuni iliyokopa itakwenda kwa serikali ya jimbo kudai saa za kazi. Mtambo unaowashwa mwaka 2025 utakuwa bado na nguvu mwaka 2060 unapofika, nao utakuwa na wafanyakazi, benki na wanasiasa wa kuutetea.

Na tukisema wafanyakazi, hapa hoja ya watetezi wa makaa haipaswi kupuuzwa hata kidogo, ingawa si hoja waliyozoea kuitoa wao. Mwaka 2013 sekta ya makaa ya China iliajiri zaidi ya watu milioni 5. Tangu hapo idadi imepungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo haikuletwa na sola bali na mashine, na kufungwa kwa migodi midogo iliyokuwa ikiua watu. Mwaka 2002 pekee karibu watu 7,000 walikufa migodini. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuwa wafanyakazi milioni 1.3 wa makaa watapunguzwa, ikatenga yuan bilioni 100 za kuwasaidia wao na wenzao wa chuma. Mwezi Machi mwaka huo gavana wa Heilongjiang, Lu Hao, alisema jijini Beijing kwamba hakuna mchimbaji wa kampuni kubwa ya makaa ya jimbo lake, Longmay, anayedai mshahara. Lakini huko Shuangyashan, mji wa wachimbaji katika jimbo hilohilo, maelfu ya wachimbaji na familia zao waliingia barabarani, kwa sababu walikuwa hawajalipwa kwa miezi. Gavana alilazimika kukiri kwamba alikosea. Anayefikiri kwamba kuondokana na makaa ni suala la kufunga paneli tu aanze na mji kama huo, ambako mgodi ulikuwa ajira, shule, hospitali na pensheni. Lakini kujenga mitambo mipya huko Guangdong au Jiangsu hakumrudishii kazi mchimbaji wa Heilongjiang, ambaye mgodi wake ni wa kina kirefu na makaa yake ni ghali. Mitambo hiyo hupokea makaa kutoka migodi ya Shaanxi na Mongolia ya Ndani yenye mashine nyingi na watu wachache. Kumtumia mchimbaji kama ngao ya mtambo ambao haumhusu ni ulaghai wa kisiasa, na haupo China peke yake.

Wapo pia wanaouliza kwa haki gani nchi za Magharibi zinaikemea China. Marekani ndiyo iliyotoa hewa ukaa nyingi kuliko nchi yoyote tangu zama za viwanda zianze, na mpaka leo Mmarekani mmoja anatoa zaidi ya Mchina mmoja. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa Septemba 2024, baada ya kuyachoma kwa umeme tangu 1882, na sehemu ya bidhaa zilizokuwa zikitengenezwa Uingereza sasa hutengenezwa China. Haya yote ni kweli. Hata hivyo Mchina wa leo anatoa zaidi ya mtu wa Umoja wa Ulaya, na hoja ya dhambi za zamani, hata ikiwa sahihi, haijibu swali la mhandisi: mtambo huu unahitajika au hauhitajiki? Mataifa yanaweza kuendelea kudaiana fidia, na yadaiane, bila jambo hilo kugeuka sababu ya kujenga kitu kisicho na faida hata kwa anayekijenga.

Watu wa pwani yetu waliwahi kuwa karibu kujionea mfumo huu. Huko Kwasasi, Lamu, ulipangwa mtambo wa makaa wa takriban megawati 1,000, kwa wajenzi na mikopo iliyotarajiwa kutoka China, na mpango ulikuwa Kenya ilipie uwezo wa mtambo hata umeme wake usipotumika. Wakazi walipinga, na Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni yake kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka miwili baadaye Xi Jinping alitangaza kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi. Kinachostahili kutafakariwa ni tofauti ya nyumbani na ugenini. Nje, ambako mradi ulilazimika kushindana, kupata wakopeshaji na kukabili wananchi wenye haki ya kwenda kwenye baraza, makaa yalishindwa. Ndani, ambako mkopeshaji ni benki ya serikali, mjenzi ni kampuni ya serikali na mnunuzi ni gridi ya serikali, hakuna anayeuliza swali la hesabu mpaka mwisho kabisa.

Swali hilo limeanza kuulizwa, na mahali linapoulizwa kwa ukali zaidi si Beijing. Mageuzi ya soko la umeme yalitangazwa mwaka 2015, yakatambaa kwa miaka, na Desemba 2023 jimbo la kwanza kuzindua rasmi soko la papo kwa papo, ambako bei hubadilika kutwa nzima kufuata mahitaji, lilikuwa Shanxi, moyo wa makaa wa nchi nzima. Kwenye soko kama hilo saa za mgao hazina maana. Umeme rahisi unatangulia. Mwishoni mwa 2024 China ilikuwa pia na zaidi ya gigawati 70 za betri na njia nyingine mpya za kuhifadhi umeme, kiasi ambacho miaka mitano nyuma kilikuwa karibu hakipo. Katika nusu ya kwanza ya 2025 umeme wa mitambo ya joto ulipungua kidogo kulinganisha na mwaka uliotangulia, ingawa matumizi ya nchi yaliongezeka. Bado ni mapema kukiita hicho kilele. Mwaka mmoja wa joto kali au wa mito mikavu unaweza kuugeuza mwelekeo huo.

Tazama pia Shandong, jimbo la pwani lenye viwanda vikubwa na mitambo mingi ya makaa, ambalo kwa miaka kadhaa liliongoza kwa paneli za juu ya mapaa. Wakati wa mapumziko ya Mei Mosi mwaka 2023, viwanda vikiwa vimefungwa na jua likiwaka, bei ya umeme sokoni ilishuka chini ya sifuri kwa saa nyingi mfululizo: aliyezalisha alilipa ili umeme wake upokelewe. Mwenye paneli anaweza kuzima na kuwasha kwa sekunde. Mwenye mtambo wa makaa hawezi, maana kuzima bwela na kuliwasha upya huchukua saa nyingi na gharama kubwa, kwa hiyo alivumilia kulipa akingoja jioni bei ipande. Dawa ambayo Shandong ilichagua kwa ziada ya mchana ya aina hiyo ilikuwa bei. Ilibadilisha bei kwa wateja, ikafanya saa za mchana kuwa za umeme wa bei ya chini kabisa na saa za jioni kuwa za bei ya juu, ili viwanda vihamishie kazi mchana na wenye magari ya umeme wachaji wakati jua liko utosini.